Swichi kwanza, seva baadaye

Kila nikiletewa pendekezo la klasta mpya (kundi la seva) ya haipakonvaji nilipitie, nakuta kurasa kadhaa za vichakataji, RAM na diski, halafu chini kabisa mstari mmoja: “Mtandao: gigabiti 10, swichi zilizopo.” Mimi huanza kusoma hapo chini.

Katika mfumo huu hakuna kabati la hifadhi lililowekwa pembeni. Diski zimo ndani ya seva zilezile zinazoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), na programu ndiyo inayoziunganisha zionekane hifadhi moja. Ifuate bloku moja tu ya data. Mashine pepe imeandika. Kama sera ni nakala mbili, lazima angalau moja ivuke swichi (kifaa cha mtandao kinachounganisha seva) na kutua kwenye nodi nyingine, yaani seva nyingine ya klasta, ndipo mashine ijibiwe kwamba data imehifadhiwa. Nutanix, mmoja wa watengenezaji wa mifumo hii, hujitahidi kuweka nakala moja kwenye nodi ileile mashine inapoendeshwa, ili kusoma kusiwe na safari. Kwenye kuandika, hata yeye hana ujanja.

Sasa tupige hesabu. Gigabiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 1.25, tena kabla itifaki hazijachukua chao. Gigabiti 25 ni kama gigabaiti 3.1. Diski nzuri ya NVMe, aina ya kasi inayochomekwa kwenye njia ya PCIe ya seva (hapa kizazi cha 4), inasoma karibu gigabaiti 7 kwa sekunde. Diski moja! Mtu anapachika sita kwenye kila nodi, kisha anazitaka zote zipumulie mrija wa 10. VMware ilipotoa vSAN ESA (muundo wa programu yake ya hifadhi ya aina hii) pamoja na vSphere 8 (programu yake ya kuendesha mashine pepe) mwaka 2022, mwanzoni ilidai kadi za gigabiti 25, na watu wakanung'unika kwamba wanauziwa vifaa. Mimi niliona wamesema ukweli.

Najua nitakavyojibiwa: hifadhidata yenye maombi madogomadogo haijazi poti ya 10 siku za kawaida. Sawa, lakini nodi ikifa je? Chukua klasta ya nodi 4, moja iondoke na terabaiti 20. Tatu zilizobaki zinagawana kuzijenga upya, kila moja ipokee karibu terabaiti 6.7. Poti ya 10 ikiwa huru kabisa, ni saa moja na nusu. Ila haiwi huru, maana mashine pepe zinaendelea na kazi humohumo. Ukiuachia ujenzi huo robo ya poti, unangoja saa 6, na muda wote huo kuna data iliyobaki na nakala moja tu. Kwa poti ya 25, robo hiyohiyo inamaliza kwa saa mbili na nusu hivi. Wala usijifariji kwamba umefunga poti mbili za 10 pamoja kwa LACP (itifaki ya kuunganisha poti kadhaa ziwe kama moja): mkondo mmoja hupita kwenye waya mmoja, hauwi 20.

Mtandao ukishajulikana, ndipo nachagua nodi, na hapo napenda za kati zilizo nyingi kidogo kuliko majitu matatu. Nodi tatu zinakulazimu utenge theluthi ya uwezo kwa ajili ya ajali. Sita, sehemu moja ya sita. Kwenye vSAN ya nodi tatu zenye nakala mbili na shahidi (kipande kidogo kwenye nodi ya tatu kinachoamua nakala ipi ni halali), moja ikifa hakuna pa kujenga upya mpaka irudi. Nne ndiyo chini yangu.

Ila usizidishe udogo. Kwenye Nutanix kila nodi ina mashine yake ya kudhibiti hifadhi inayokula kori (viini vya kichakataji) na RAM, kwa hiyo nodi ndogo hupoteza sehemu kubwa ya mwili wake kabla ya kazi yoyote. Leseni nazo zina masharti: VMware huhesabu angalau kori 16 kwa kila kichakataji hata kama unazo 8. Ndiyo maana seva ya soketi moja (kichakataji kimoja) yenye kori 32 za kasi hunivutia kuliko soketi mbili za kori nyingi za polepole. RAM ijaze chaneli zote za kichakataji (njia zake za kufikia RAM) sawasawa, basi.

Kuhusu viunganishi, chukua SFP28 (aina ya poti ya gigabiti 25) na kebo fupi za shaba ndani ya raki. RJ45 (kiunganishi cha kebo za kawaida za mtandao) ya gigabiti 10 hula umeme zaidi, huongeza ucheleweshaji, na ukitaka kwenda 25 unaanza upya. RoCE (njia ya seva kusoma na kuandika kumbukumbu ya nyingine moja kwa moja kupitia mtandao) ni tamu kwenye karatasi, lakini inataka PFC na ECN (mbinu za kuzuia msongamano mtandaoni) zipangwe vilevile kwenye kila poti na mtu wa kuzilinda kila swichi inapobadilishwa. Kama timu yako haina mtu huyo, achana nayo.

Na kabla ya kuhamishia mashine pepe hata moja: kama umeweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya mtandao) ya baiti 9000, piga ping (ujumbe wa kupima muunganisho) ya baiti 8972 isiyoruhusu kukatwa vipande, kutoka kila nodi kwenda kila nodi. Poti moja iliyosahaulika kwenye 1500 huacha ping za kawaida zipite huku hifadhi ikikwama bila sababu inayoonekana. Kisha zima swichi moja mzigo ukiwa umewaka, utazame muda wa kuandika unapanda hadi wapi, na baada ya sekunde ngapi unashuka.