Traksuti ya Mgeni Rasmi

Jumamosi iliyopita nimefika nyumbani kutoka sokoni nyanya zimeshapondeka, maana bajaji ilizuiwa njia panda karibu nusu saa. Nikadhani msiba. Kumbe mgeni rasmi anafanya mazoezi. Traksuti mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana mapajani, raba nyeupe pee. Nyuma yake vijana wa jogging wa mtaani wanaimba, mbele yake gari la matangazo na mpiga picha anayerudi kinyumenyume. Wamekimbia kama mita mia tatu hivi. Kisha turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa na hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko mbio.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi, bila shaka. Mnalikumbuka agizo la Desemba 2016, Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais: kila Jumamosi ya pili ya mwezi watu wafanye mazoezi. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Kilichonichoma ni mahali turubai lilipofungwa: kwenye kiwanja chetu. Au niseme kilichobaki cha kiwanja chetu.

Upande wa barabara kuna fremu kumi na moja. Nimezihesabu: wakala wa pesa, saluni, vipuri vya pikipiki, chipsi, mpaka duka la mapazia. Kona ya pili wanaosha magari. Goli moja bado limesimama, limeota kutu, na mwamba wake wa juu unaanikiwa mazulia ya magari ya watu. Goli la pili liko ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, sitanii: nguzo yake ya kushoto ndiyo imeshikilia kibaraza. Nilipokuwa mdogo nilifunga bao pale kwa kichwa. Leo pananing'inia bei ya misumari.

Na hapo hapo bwana mkubwa anashika kipaza sauti, anatuasa tuache uvivu. Tukimbie. Wapi, mheshimiwa?

Niliwahi kwenda kuuliza kwa wahusika. Kwenye ramani ya mipango miji pale pameandikwa eneo la wazi. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba fremu zinaingiza mapato. Haya, zinaingiza, na vijana wamepata riziki, na mimi mwenyewe vocha nanunua pale pale. Lakini hakuna aliyewahi kunipigia hesabu ya upande wa pili, ya dawa.

Mama yangu ana presha na sukari. Kila kliniki anaambiwa atembee nusu saa kwa siku, na daktari hajakosea, hata Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki. Mama akanunua raba. Katembea siku tatu. Siku ya nne bodaboda, iliyopanda njia ya waenda kwa miguu kukwepa foleni, ikampitia kiwiko. Sasa anatembea uani, kutoka mlango wa choo hadi banda la kuku, hatua kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi. Kuku wamemzoea, hawamkimbii tena. Wenzetu wa kule baharini wana Daraja la Tanzanite, wanapigwa na upepo asubuhi. Mama apande daladala mbili ili akatembee?

Kigali nao wanafunga barabara kwa ajili ya mazoezi, tangu 2016, siku hizi mara mbili kwa mwezi. Ila wao wanayazuia magari ili watu waingie. Sisi tumezuiwa watu ili mtu mmoja apite.

Najua mtaniletea Goli la Mama. Sawa. Mwaka 2023 Rais Samia akaanza kutoa shilingi milioni 5 na kuzidi kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, na mimi ni Simba, kwa hiyo hilo tuliache hapo. Uwanja wa Arusha wa viti elfu 30 kwa ajili ya AFCON 2027 nao ujengwe, nitaenda. Lakini kule nitakuwa nimekaa. Sukari ya mama haishuki kwa kushangilia. Na vipindi vya michezo shuleni, mwalimu wa hesabu anaviazima na havirudishi, tusiseme sana.

Wale vijana wa jogging ndio walionisikitisha zaidi. Siku nyingine zote wanakimbia saa kumi na moja alfajiri pembeni ya lami, mmoja mbele na kitambaa chekundu kuonya malori. Hawajawahi kupewa hata taa moja ya barabarani. Jumamosi wamepewa fulana zenye picha.

Turubai liliondolewa saa nne. Watoto wakaokota chupa mbili tupu za maji ya wageni, wakazisimamisha kuwa goli, wakaanza chandimu. Wamecheza kama robo saa. Kisha gari la kwanza la kuoshwa likaingia, dereva akapiga honi, wakaokota chupa zao wakahamia barabarani.