Kabla ya kuuliza bei ya jino la kupandikiza, uliza nani atalitunza

Matangazo ya kliniki za meno yanayopita kwenye simu yangu yanafanana yote: picha ya kabla, picha ya baada, na chini yake maneno "meno ya kudumu maisha yako yote". Kliniki moja inajisifu kwa skrubu za Uswisi, ya pili za Korea Kusini, ya tatu inakupunguzia ukiweka mawili kwa mpigo. Sijaona hata moja inayotaja mfupa. Nami kama daktari wa meno nasema jino la kupandikiza, yaani skrubu inayochomekwa kwenye mfupa wa taya na kufungwa jino bandia juu yake, ni habari ya mfupa tangu mwanzo hadi mwisho. Likishindwa baada ya miaka kadhaa, mara nyingi skrubu yenyewe ni nzima kabisa. Kilichopungua ni mfupa uliokuwa umeishika, na umepungua kidogo kidogo, mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Waliotuletea matibabu haya hawakutudanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Lund, Msweden Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vya titani, aina ya metali, kwenye mfupa wa mguu wa sungura ili achunguze damu inavyopita. Alipotaka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeota ukavishika. Mwaka 1965, mjini Göteborg, akampandikizia mgonjwa Gösta Larsson skrubu za titani tayani. Larsson alifariki mwaka 2006, skrubu zake bado zinafanya kazi. Miaka arobaini na ushei. Kwa hiyo "maisha yote" inawezekana, ila si ahadi inayokuja ndani ya boksi la skrubu.

Kupungua mfupa kidogo mwanzoni ni jambo la kawaida. Ukishachimba, ukaweka skrubu, halafu ukafunga taji, yaani lile jino bandia la juu, mfupa hujipanga upya, na hapo milimita moja hivi inaweza kwenda bila mtu kushtuka. Mwaka 1986 Tomas Albrektsson na wenzake waliweka kipimo kilichotumika kwa miaka mingi: baada ya mwaka wa kwanza, mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka. Ni kiasi kidogo sana, na hakionekani kwa macho. Kinaonekana kwenye eksirei tu, tena kama ipo eksirei ya siku taji lilipofungwa ya kulinganishia. Bila picha ile ya kwanza, daktari atakayekuona miaka mitano baadaye anabaki kukisia.

Mfupa huo unaondokaje? Jino la asili limefungwa kwa nyuzinyuzi zinazoingia ndani ya mzizi wenyewe, na nyuzi hizo husaidia kuuzuia uvimbe wa ufizi usishuke ovyo. Skrubu haina kitu hicho. Ufizi umeizunguka tu, nyuzi zake zikipita kando bila kujichomeka humo. Ukoga ukikaa shingoni mwa kipandikizi, ufizi huvimba na kutoka damu, na katika hatua hii ukisafishwa vizuri hurudi katika hali yake. Ukiachwa, uvimbe hushuka hadi mfupani, na mfupa hujitoa pande zote za skrubu hadi kwenye picha panaonekana shimo lenye umbo la bakuli. Hapo tena si kusafisha tu. Ni kupasua ufizi, kukwangua, na matokeo yasiyo na hakika. Kibaya zaidi, jino halitikisiki. Maadamu ncha ya chini ya skrubu bado imeshikwa, mtu anatafuna mahindi ya kuchoma kama kawaida.

Mzee mmoja aliyekuja na usaha kwenye kipandikizi aliniuliza, "Daktari, kwani chuma nacho kinaoza?" Nikamjibu, "Hakiozi, mzee wangu. Lakini ufizi ule ule uliokutolea meno ya kwanza bado unao." Hili ndilo linalorukwa kwenye vyumba vyetu vya matibabu. Watu wengi wazima wanaopoteza meno hawayapotezi kwa kuanguka na baiskeli. Wengine ni kuoza, wengine ni ugonjwa wa fizi ambao mtaani tunauita kiseyeye na kuuchukulia kama mafua. Ukiweka skrubu kwenye kinywa chenye ugonjwa huo bila kuutibu kwanza, umepanda kwenye shamba lenye moto.

Mwaka 2017 wataalamu wa fizi kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko walikutana Chicago kupanga upya majina na vigezo vya magonjwa haya. Kwa ugonjwa unaokula mfupa kuzunguka kipandikizi, vichocheo walivyovitaja kuwa na ushahidi wenye nguvu zaidi ni vitatu: kuwa umewahi kuugua ugonjwa mkali wa fizi, ukoga usiosafishwa vizuri, na kutokurudi kwa daktari kufuatiliwa baada ya kuwekewa jino. Hakuna chapa ya skrubu hapo. Kuna utafiti wa Brazil uliotoka mwaka 2012, uliofuatilia kwa miaka mitano watu ambao fizi zao zilikuwa zimeanza kuvimba kuzunguka vipandikizi. Waliokuwa wakirudi kufanyiwa usafi na ukaguzi, asilimia 18 walifikia kupoteza mfupa kwa ugonjwa. Wasiorudi, asilimia 43.9. Nitajie chapa yoyote ghali inayoweza kukununulia tofauti hiyo.

Sigara na kisukari? Hapa wenzangu wengine hawatanipenda. Mkutano ule wa Chicago ulisema ushahidi wa hayo mawili, kwa ugonjwa huu hasa, haujakaa sawa. Hiyo haina maana ya kumpa mvutaji ruhusa. Sigara inadhoofisha uponaji wa kidonda, na sukari isiyodhibitiwa inasumbua fizi za kila aina. Mimi namwambia mgonjwa aache na apime. Ninachokataa ni ile tabia ya daktari kuona bakuli kwenye eksirei, kuuliza "unavuta?", na kufunga faili. Maana upande wetu nao una mengi ya kujibu.

Tuanze na taji. Mataji mengi yanatengenezwa manene, yamelala juu ya ufizi ili yapendeze, mpaka brashi ndogo haipiti chini yake. Unampa mtu mahali pasiposafishika, halafu unamlaumu kwa uchafu! Kisha kuna saruji ya kubandikia taji. Ikifurika chini ya ufizi na kuachwa, inakaa huko ikikusanya wadudu. Utafiti wa Thomas Wilson wa mwaka 2009 ulikuta mabaki ya saruji kwenye asilimia 81 ya vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa, na vingi vikatulia baada ya mabaki kuondolewa. Ndiyo sababu napenda taji la kufungwa kwa skrubu panapowezekana: likisumbua, unalifungua, unasafisha, unalirudisha. Kuna nafasi pia, vipandikizi viwili visibanane. Chini ya milimita 3 kati yao, kile kipande cha mfupa katikati huwa hakidumu. Na kuna kuchimba kwa pupa. Mfupa ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu unaumia, kwa hiyo maji ya kupoza si pambo.

Kusaga meno usingizini na mzigo mkubwa wa kutafuna bado kunabishaniwa. Kunavunja mataji na kulegeza skrubu, hilo nimeliona. Kwamba peke yake kunakula mfupa pasipo ukoga, sijashawishika.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mambo mawili yanayozidisha tatizo. La kwanza ni muda. Tumezoea kung'oa na kuondoka. Jino likishatoka, ukingo wa taya hupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya upotevu huo ni katika miezi mitatu ya mwanzo. Anayekuja kutaka pandikizi baada ya miaka kumi analeta taya jembamba, na skrubu iliyolazimishwa humo inabaki na ukuta mwembamba wa mfupa upande wa mdomo, ambao hauchelewi kutoweka.

La pili ni safari. Mtu anakwenda India au Uturuki, anarudi na meno mazuri sana, bila karatasi hata moja. Kipandikizi kikianza kutoa damu, tunashindwa hata kulifungua taji, kwa sababu watengenezaji wengi wana bisibisi yao na vipuri vyao, na hatujui tunashughulika na nini. Kwa hiyo unayekwenda, rudi na jina la mtengenezaji, kipenyo na urefu wa skrubu, na eksirei ya siku taji lilipofungwa. Hivyo vitu vinaingia kwenye simu.

Mimi kwenye bei ninayotaja naweka kutibu fizi kwanza, na ziara za usafi za miaka ya mwanzo, pamoja na picha ya kila mwaka. Bei inapanda, na wapo wanaoniambia watafikiria, wasirudi tena. Sigombani nao. Asiye na nafasi wala nia ya kurudi, meno ya bandia ya kuvua yaliyotengenezwa vizuri yatamfaa zaidi kuliko skrubu isiyo na mtu wa kuiangalia.