Mota ya kusagia ikiungua: isukwe au inunuliwe mpya?

Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, swali la kwanza la mwenye mashine ni bei ya kusuka, yaani kuondoa waya ulioungua ndani na kufunga mwingine. Akiona ni nafuu kuliko mota mpya, mjadala umekwisha. Kwangu mimi hesabu hiyo imeanza kombo.

Kabla ya bei kuna sababu. Fundi akifungua mota ya umeme wa njia tatu iliyoungwa kwa staa (makundi yake matatu ya koili yamekutana ncha moja) akakuta makundi mawili ya koili yameungua na la tatu ni safi, ajue njia moja ya umeme ilikatika huku mota ikiendelea kuvuta. Mota hiyo ukiisuka itaungua tena, na mpya itaungua vilevile. Rilei, kifaa cha kuizima mota njia moja ikikatika, ndiyo inayotangulia kununuliwa.

Wanaotetea kusuka wana hoja nzito. Bodi, shafti na chuma cha ndani vyote ni vizima. Kilichokufa ni waya na insulesheni yake, ile ngozi inayozuia umeme kuvuja. Mwaka 2003 vyama vya wasukaji mota, EASA cha Marekani na AEMT cha Uingereza, vilitoa utafiti ulioonyesha kwamba mota ikisukwa kwa utaratibu mzuri hubaki na ufanisi wake.

Shida iko kwenye huo utaratibu. Ili kutoa waya kuukuu, wapo mafundi wanaoichoma stata, ile sehemu isiyozunguka yenye koili, kwa moto wa wazi, bila kupima joto. Likipita nyuzi 370 hivi, insulesheni nyembamba iliyo kati ya bati na bati zinazounda chuma cha stata inaweza kuharibika, na tangu hapo chuma chenyewe kinapata moto kila mota inapowashwa. Mwenye mashine ataridhika, maana mota inazunguka. Wengine hupunguza unene wa waya, au huweka alumini mahali pa kopa (shaba), ilhali ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya kopa.

Tuseme mota ya HP 20, yaani kilowati 15, imeshuka ufanisi kutoka asilimia 90 hadi 88. Ikisaga kwa mzigo kamili saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inakula uniti 900 hivi za ziada. Zidisha kwa bei unayolipia umeme, halafu rudia kwa miaka mitano. Kwa kinu cha kijijini kinachosaga saa mbili tu jioni, hasara hiyo ni robo, na kusuka kunaeleweka kabisa.

Mpya nayo isisifiwe bure. Zipo zenye kibao kinachosema HP 20 huku ndani mna waya wa alumini, na kutoka mkoani kufuata mota Gerezani, Dar es Salaam, ni siku za kinu kulala na wateja kuhamia kwa jirani.

Beringi na feni zibadilishwe hapohapo kinuni. Kuibeba mota hadi mjini kwa ajili ya beringi ni kupoteza nauli. Kusuka kufanywe kwenye karakana yenye tanuri linalopimwa joto na inayoipima stata kabla na baada ya kuchoma, hata kama iko mbali. Stata ambayo bati zake zimeyeyuka iende skrepa. Na mota ndogo ya HP 1 au 2 mimi siisuki, labda kama mpya haipatikani: kazi ya fundi haipungui sana kwa udogo wake, lakini bei ya mpya inapungua.

Kinu kinachosaga kutwa nzima ningekinunulia mpya ya kopa, kisha ile iliyoungua niisuke taratibu iwe ya akiba. Ikitokea tena, hakuna atakayelazimika kuamua huku foleni ya debe za mahindi ikimtazama.