Oili ya injini ibaki kwenye injini

Ukitaka kujua kama karakana inaielewa stenlesi (chuma kisichoshika kutu) au inaibahatisha, tazama kopo lililo karibu na jiliwa. Kama lina oili ya injini, hata iwe mpya kabisa, basi hapo tapu, vyuma vyenye meno vya kukatia hesi ndani ya tundu, zinakatika, na lawama zote zinabebeshwa tapu.

Msimamo wangu ni huu: kwa kukata hesi (mizunguko inayoshika skrubu au bolti) kwenye stenlesi, kilainishi kichaguliwe kwa kuhimili mgandamizo. Kupoza kunakuja baadaye, na utelezi unaousikia vidoleni haukuambii chochote. Oili ya injini inateleza vidoleni vizuri sana, lakini ilitengenezewa sehemu zinazozunguka kwa kasi, ambako mzunguko wenyewe unaivuta oili katikati ya vyuma viwili na kuvitenganisha. Tapu ya mkono haina kasi hiyo. Jino linapokandamiza ukuta wa tundu, oili inakamuliwa pembeni na chuma kinagusana na chuma. Vipulizio vya kulegezea nati zenye kutu ni vibaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyushi kinachokauka upesi. Kwenye alumini vinafaa. Kwenye stenlesi viache.

Chuma cha kawaida kinavumilia uzembe huu, lakini stenlesi za aina ya 304 na 316 hazivumilii. Stenlesi inalindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromi; tapu ikiukwangua, chuma kibichi kilicho chini yake kinanata kwenye meno ya tapu kama kilichochomelewa. Joto nalo halina pa kukimbilia, maana stenlesi ya aina hii hupitisha joto kwa takriban theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto linabaki pale pale kwenye ncha ya jino. Halafu kuna kukomaa: jino likiteleza bila kukata, linaacha ngozi ngumu, na jino linalofuata linaikuta hiyo ngozi. Aliyezoea 303, ambayo imeongezwa salfa makusudi ili ikatike kirahisi, akipewa 316 bila kuambiwa atadhani tapu zake zimeharibika ghafla.

Kinachotakiwa basi ni oili ambayo ikishaminywa bado inaacha kitu katikati. Hapo ndipo viambata vya mgandamizo mkubwa vinapoingia. Shahamu na mafuta ya mimea hung'ang'ania uso wa chuma tangu kazi ikiwa baridi, ila huchoka joto likipanda. Klorini huanza kazi kwenye joto la kati. Salfa hutaka joto kubwa zaidi, na ikilipata inaungana na chuma kutengeneza utando laini unaozuia kunata. Oili nzuri ya kukatia huchanganya shahamu na salfa ili kila kimoja kishike zamu yake.

Kwa tapu ya mkono, chaguo langu la kwanza ni lahamu ya kukatia hesi, yaani kilainishi kizito kama grisi kinachopakwa kwa brashi, si lehemu ya kuunganishia vyuma. Sababu ni ya kawaida tu: haimwagiki. Unaizungusha tapu polepole, unarudi nyuma, unasimama kupumua, na muda wote huo kilainishi kinapaswa kuwa bado kipo kwenye jino. Oili nyepesi kwenye tundu la ubavuni inakuwa imeshachuruzika hadi sakafuni. Kama lahamu haipo, oili nyeusi yenye salfa inayotumiwa kwenye mashine za kukatia hesi za mabomba inafanya kazi vizuri kuliko watu wengi wanavyoipa sifa. Mafundi wa zamani walipaka shahamu ya nguruwe tupu. Ilifanya kazi kweli, tatizo lake ni kwamba inavunda na kunuka.

Kwa mashine, tumia oili ya salfa isiyochanganywa na maji. Kama mashine yako inaendeshwa kwa oili ya kuchanganya na maji na huwezi kuibadilisha kwa ajili ya matundu machache, ongeza ukali wa mchanganyiko hadi asilimia 8 au 10; asilimia 5 inayotosha kukerezea chuma cha kawaida hapa haitoshi. Hata hivyo, kabla tapu haijaingia napendelea maji yafungwe na tapu ipakwe lahamu kwa mkono. Kasi iwe ndogo: kwa tapu ya HSS (chuma kigumu cha kukatia) kwenye 304, mita 3 hadi 6 kwa dakika. Kwa M6, yaani hesi ya kipenyo cha mm 6, hiyo ni kama mizunguko 200 kwa dakika, na kwa M10 ni kama 130.

Oili zenye klorini zinakata vizuri, silikatai. Siziweki mbele kwa sababu klorini ikibaki kwenye stenlesi, kisha kifaa kikafanya kazi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi huku kimevutwa au kimekazwa, chuma kinaweza kupasuka nyufa. Na hazitupwi hovyo wala hazichomwi. Vimiminika vya zamani vya trikloroetani, ambavyo baadhi ya watu bado wanavisifia, viliondolewa chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni.

Sasa jambo ambalo hakuna kopo litakalolitatua: tundu. Jedwali linakuambia biti ya 5.0 kwa M6, ambayo inatoa hesi ya karibu asilimia 77 ya kina kamili. Kwenye stenlesi tumia 5.1, unabaki na asilimia 69, bado uko ndani ya kiwango, na tapu inazunguka kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa M8 tumia 6.9 badala ya 6.8, na kwa M10 tumia 8.6 badala ya 8.5. Biti iwe kali na isukumwe mfululizo. Biti butu inayosugua badala ya kukata inaukomaza ukuta wa tundu, na baada ya hapo hata lahamu bora inapakwa kwenye kazi iliyokwisha kuharibika.

Tuseme ni M8 kwenye bamba la 304 lenye unene wa mm 10, tundu limepenya. Chonga mdomo wa tundu kwa biti pana mpaka ufikie kipenyo cha mm 8 na ushee. Jaza lahamu kwenye mifereji ya tapu, paka na ndani ya tundu. Shika mpini kwa mikono miwili, hakikisha tapu imesimama wima, kisha zungusha bila kusita. Jino lazima likate, kwa hiyo usiichezeshe chezeshe tapu mahali pamoja. Kila nusu mzunguko, rudi robo ili maranda yakatike. Sikiliza: mlio wa kukwaruza kama mlango usiopakwa grisi maana yake utando wa kilainishi umekatika. Usilazimishe. Toa tapu, safisha meno kwa brashi, angalia kama kuna chuma kilichonata, paka upya. Tapu yenye ncha ya mshazari inayosukuma maranda mbele haihitaji kurudishwa nyuma. Hiyo ipeleke moja kwa moja mpaka itokee upande wa pili.

Tundu lisilopenya linataka tapu yenye mifereji ya mzunguko, inayopandisha maranda juu. Hapo usijaze oili hadi juu, kwa sababu tapu itaishindilia na oili haina pa kutokea. Paka tapu, toa maranda, paka tena. Tapu nyeusi zilizochomwa kwa mvuke zina uso unaoshika oili vizuri, na kwa stenlesi ningezichagua kabla ya zile za kung'aa.

Usafishaji una uzito wake, hasa kwa salfa. Sehemu itakayochomelewa ioshwe vizuri kwanza, kwa kuwa salfa kwenye kiungo huleta nyufa chuma kinapoganda. Salfa hai pia hutia weusi kwenye shaba na shaba nyeupe, kwa hiyo kama kifaa kimeunganishwa na vyuma hivyo, tafuta oili isiyo na salfa hai. Maji ya moto yenye sabuni ya magadi, kisha asetoni mbali na moto, yanatosha kazi nyingi. Vifaa vya oksijeni ni habari nyingine: mafuta yaliyobaki ndani ya hesi yanaweza kuwaka, na usafi wake una taratibu zake. Kwa mabomba ya maji ya kunywa, tumia kilainishi kinachooshwa kwa maji badala ya oili ya madini.

Kisha unapofunga bolti ya stenlesi kwenye hesi hiyo ya stenlesi, usitegemee mabaki ya oili ya kukatia. Paka lahamu ya kuzuia kunata, yenye nikeli au molibdeni disalfaidi, na punguza nguvu ya kukazia ile iliyopimwa kwa hesi kavu, maana hesi iliyolainishwa huivuta bolti zaidi kwa nguvu ile ile ya spana.