Mstaafu Aliyekataa Kutoka Uani

Pikipiki yangu nimeistaafisha tangu mwezi uliopita, na ninaandika haya kwa uchungu, kwa sababu mimi niliyeitumikia tangu mwaka 2011 hakuna aliyefikiria kunistaafisha.

Ieleweke kwamba sikukurupuka. Mita yake ina tarakimu tano, hivyo ilipofika kilomita 99,999 ilirudi kwenye masufuri ikazaliwa upya, nami nikabaki na uzee wangu. Ikahesabu tena 38,000 na ushei kabla kebo haijakatika, na kebo hiyo sikuibadilisha, kwa kuwa mtu mzima haulizwi umri mara mbili. Ukipiga hesabu, imekwenda zaidi ya mara tatu ya mzunguko wa dunia kwenye Ikweta, ambao ni kilomita 40,075, ila safari yote hiyo ilikuwa ni kushusha karoti na kabichi kutoka Mgeta hadi Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro, kisha kuipanda tena milima ya Uluguru na viroba vya sukari. Bahari haikuwahi kuiona.

Dalili za uzee nilizivumilia. Tairi la nyuma lilikuwa kipara kama mimi. Kiki ilihitaji kukanyagwa mara kumi na mbili, na ya kumi na tatu ilijirudi yenyewe kunigonga ugokoni. Kilichonishinda ni moshi: ringi za pistoni zilikuwa zimelika kiasi kwamba oili ilipenya juu na kuungua pamoja na petroli, moshi wa bluu ukatanda nyuma yetu, hata abiria niliyempakia na shati jeupe alishuka Sangasanga kama mtu aliyetoka kuchoma mkaa. Ikafika mahali oili ya pikipiki inanunuliwa nyumbani kuliko mafuta ya kula, na mama watoto ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu.

Nilipompa fundi taarifa, alinyamaza, akafuta mikono kwa tambara, akauliza, "Sasa mzee, wanangu watasoma vipi?" Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mfadhili. Injini ameifungua mara tatu, kila mara akiniapia kuwa sasa ni mpya, na kila mara akinikabidhi boliti mbili tatu zilizobaki, eti hazina kazi. Ninazo kopo zima, na nashuku zikiungwa vizuri itapatikana pikipiki nyingine.

Basi nikamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuja na mizani ya kuning'iniza, akaizunguka pikipiki kama daktari asiye na haraka, akataja bei kwa kilo. Chombo kilichosomesha watoto kinapimwa kama dagaa! Nilinuna, kisha nikakubali. Alipoinama kuinyanyua, akapokewa kwa mdomo wa tetea, ambaye alikuwa amechimba sponji ya siti na kutulia juu ya mayai kumi. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatangaza kwamba hakuna atakayeligusa chuma hilo mpaka siku 21 zitimie.

Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi ninapita hapo kwa miguu na kabichi begani, naye tetea ananitazama kwa jicho moja, na tangu nimiliki pikipiki hiyo sijawahi kuona kiumbe akikaa kwenye siti yake siku tisa mfululizo bila fundi kuitwa.