Asasi zisizo na chama na Bunge la Maine: zinamfikisha mwananchi mpaka wapi?

Muswada ukifika kwenye Bunge la jimbo la Maine, Marekani, hupewa namba inayotanguliwa na herufi LD, kisha hupelekwa kwa kamati ya pamoja yenye wajumbe 13: maseneta 3 na wawakilishi 10. Kamati hutangaza siku ya kusikiliza maoni, na siku hiyo mtu yeyote anaweza kusema. Haulizwi uraia wala hahitaji wakili. Asiyeweza kufika Augusta, makao makuu ya jimbo, huzungumza kwa Zoom au hutuma maandishi kupitia tovuti ya Bunge. Kwa Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda anayeishi Portland au Lewiston, mlango huu uko wazi hata kabla hajawa raia, na wengi hawajui kama upo. Hapo ndipo zinapoingia asasi zisizofungamana na chama. Maarufu kati yake ni League of Women Voters, iliyoundwa Chicago Februari 1920 kwa uongozi wa Carrie Chapman Catt, miezi michache kabla haki ya wanawake kupiga kura haijaingizwa kwenye katiba ya nchi hiyo.

Msaada wa asasi hizi unaonekana kwenye mambo yanayodhaniwa kuwa madogo. Mwananchi anafundishwa kufuatilia LD yake, na kujua zamu: kwanza mbunge aliyeleta muswada, halafu wanaounga mkono, halafu wanaopinga, mwisho wasio na upande. Kila mmoja kwa kawaida hupewa dakika 3. Anayetumia mkalimani anayesubiri sentensi iishe ndipo atafsiri, nusu ya muda huo si wake. Kwa hiyo maneno yake yawe kama 200, mkalimani ayaone mapema, na maelezo marefu yatumwe kwa maandishi. Kosa linalojirudia ni mtu kuanza na historia yote ya maisha yake, dakika zikaisha kabla hajasema anataka nini. Baada ya kuwasalimu wenyeviti, sentensi ya kwanza iseme jina, mji, namba ya LD na msimamo: naunga mkono au napinga. Kisa kimoja kinachohusu muswada wenyewe kinatosha. Na kuna jambo ambalo mwelekezaji mzuri halisahau: maandishi hayo huwekwa hadharani mtandaoni pamoja na jina la mtoa maoni. Mwenye ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa azungumze na wakili wake kabla ya kuandika lolote kuhusu kesi yake.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye uandikishaji wa wapigakura. Asiye raia akijiandikisha kwa kudai uraia, hata kama alielekezwa vibaya kwenye meza ya kuandikisha, anaweza kunyimwa uraia baadaye au kufukuzwa nchini. Mhamiaji aliyetoka kuruhusiwa kutoa maoni bungeni anaweza kudhani kwamba na fomu ya kujiandikisha ni vilevile. Anayesimamia meza anapaswa kuuliza kwanza, kwa lugha ambayo mtu anaielewa: wewe ni raia wa Marekani? Kuwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hakutoshi. Meza isiyo na mtu wa kuuliza hivyo kwa Kiswahili ni bora isiwekwe mahali penye wakimbizi wengi.

Sasa tuje kwenye lawama. Wapinzani wanasema neno “kutofungamana” ni vazi tu, kwa sababu asasi hizi zina misimamo. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Mwaka 2011 Bunge la Maine, likiongozwa na Republican, lilifuta utaratibu wa kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura. League ilikuwa kwenye muungano uliokusanya saini za kuitisha kura ya wananchi, na Novemba mwaka huo wananchi wakaurudisha. Ikaunga mkono pia utaratibu ambao mpigakura huwapanga wagombea kwa namba, chaguo la kwanza, la pili na kuendelea, uliopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2016. Mwaka 2018, katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza katika jimbo la pili la uchaguzi la Maine, lakini kura za wagombea wa mwisho zilipogawanywa kwa kufuata chaguo lililofuata la wapigakura wao, Jared Golden wa Democratic akashinda. Poliquin alikwenda mahakama ya shirikisho akashindwa. Mpigakura wake wa kijijini akiambiwa leo kwamba waliopigania utaratibu ule hawana chama, si ajabu akasita.

Watetezi wanajibu kwamba sheria inatenganisha mambo mawili. Asasi ya hisani chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani imekatazwa kabisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Katazo hilo ni la mwaka 1954. Kushawishi wabunge kuhusu muswada kunaruhusiwa kwa kiasi. Asasi ikijaza Fomu 5768 ya mamlaka ya kodi hupata kipimo cha wazi: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza inazotumia kwa shughuli zake. Yenye matumizi ya dola 200,000 kwa mwaka inaweza kutumia 40,000 kushawishi, na kati ya hizo 10,000 tu kuhimiza umma uwapigie wabunge simu. Asasi ndogo za wahamiaji mara nyingi hazijaijaza fomu hiyo, na kwa woga hukaa kimya hata pale sheria inapoziruhusu kusema.

Kisheria watetezi wako sahihi, ila imani ya watu haijengwi na kifungu cha kodi. Nadhani asasi yenye msimamo juu ya LD fulani iutaje mwanzoni mwa mafunzo, kisha imsaidie kwa bidii ile ile anayetaka kwenda kuupinga.

Udhaifu ninaoona ni mzito zaidi haugombaniwi sana. Nguvu nyingi huishia siku ya maoni. Baadaye kamati hukaa kikao cha kazi, ambacho mwananchi anaweza kuhudhuria lakini hasemi mpaka aulizwe, na hapo ndipo muswada hurekebishwa au kufa. Ukipona, ukapita Baraza la Wawakilishi na unahitaji fedha kutoka mfuko mkuu wa jimbo, husimamishwa kwenye Seneti, katika orodha ya kusubiri bajeti. Miswada mingi iliyokwisha shangiliwa hufia humo siku za mwisho za kikao, Juni au Aprili, bila mtu kusimama kuipinga. Aliyezungumza Februari anaamini ameshinda, kumbe hapakutengwa hata dola moja.

Kwa hiyo orodha ya waliotoa maoni isifungwe. Wapigiwe simu tena muswada ukiingia kwenye orodha ya kusubiri bajeti, wasaidiwe kuwaandikia wajumbe wa kamati ya bajeti barua ya aya mbili yenye namba ya LD na kiasi cha fedha kinachohitajika, tena mapema, kabla wiki ya mwisho haijaanza. Kazi hiyo inahitaji simu, mkalimani kwa saa chache, na mtu mmoja wa kuifungua orodha ya kusubiri bajeti kila asubuhi.