Kilichopungua Wales ni muda, si pauni tu

Ukifika Ebbw Vale, kwenye mabonde ya kusini mwa Wales, vibao vya buluu vyenye nyota 12 utavikuta tu. Kiwanda cha chuma kilichokuwa kikiulisha mji kilifungwa mwaka 2002, na mengi yaliyojengwa baada ya hapo, kuanzia chuo hadi upanuzi wa barabara ya A465, yalitiwa hela ya Umoja wa Ulaya. Kibao ni cha kukujulisha nani kalipa. Halafu tarehe 23 Juni 2016 wakazi wa halmashauri ya huko, Blaenau Gwent, wakapiga kura ya kuamua kama Uingereza ibaki au itoke kwenye Umoja huo, na asilimia 62 wakasema tutoke.

Watu waliwacheka sana. Mimi sikucheka. Mtu hana kazi, kila siku anapita kwenye barabara mpya yenye kibao cha kumkumbusha kwamba amesaidiwa. Sioni ajabu akichoka kukumbushwa.

Na wana hoja, tuwape haki yao. Hela ile ilikuwa ya Waingereza wenyewe, kwa maana Uingereza ilikuwa inatia kwenye chungu cha Ulaya zaidi ya ilichochota. Basi ikitoka, si itabaki na hela yake na kuwapelekea Wales na Cornwall, mkoa wa kusini magharibi mwa England, moja kwa moja?

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini Brussels, yaani makao ya Umoja wa Ulaya, ilikuwa inatoa hela pamoja na kanuni. Mkoa ambao pato la kila mkazi liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja unapata fungu nono, na bajeti inapangwa kwa miaka saba. Wales Magharibi na Mabonde iliingia kundi hilo, Cornwall nayo ikaingia. Waziri wa London hakuweza kuamka asubuhi akaikata Cornwall kwa sababu mbunge wake amemuudhi. Na ukijua una miaka saba, unathubutu mambo makubwa. Cornwall ilisambaziwa intaneti ya kasi kwa mradi wa pauni milioni 132, ambapo milioni 53.5 zilitoka Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa wa Ulaya na zilizobaki zikatoka kampuni ya simu ya BT. Kazi ya namna hiyo huianzi kama hujui mwakani utakuwa na bajeti au la.

Chama cha Conservative kiliahidi mfuko mbadala kwenye ilani ya 2017, na kwenye ya 2019 kikaongeza kwamba hautapungua ule wa Ulaya. Ukazinduliwa Aprili 2022 kwa jina tamu la Ustawi wa Pamoja: pauni bilioni 2.6 kwa miaka mitatu, Wales ikipewa milioni 585. Serikali ya Wales ikasema tumepunjwa. London ikajibu kwamba hela za Ulaya bado zinamalizikia hadi 2023, kwa hiyo mzijumlishe. Ugomvi huo wa hesabu nauacha, ingawa naona Cardiff, yaani serikali ya Wales, walikuwa na haki.

Kinachoniuma ni kalenda. Halmashauri ziliambiwa zipeleke mipango yao ifikapo tarehe 1 Agosti 2022. Zikapeleka, zikasubiri. Huku London mawaziri wakuu wakapishana: Johnson, Truss, Sunak. Idhini ikatoka Desemba. Sasa jiweke kwenye kiti cha afisa miradi wa halmashauri. Mgao wa mwaka wa kwanza ndio huo umepata baraka, Krismasi iko mlangoni, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 31 Machi. Utafanya nini ndani ya miezi minne isiyofika? Kutangaza tenda peke yake kunaimaliza. Unatafuta chochote kinacholipika haraka. Vijana wa kuajiri unawapa mkataba mfupi, na ukikaribia mwisho wanaanza kutafuta kazi kwingine, kwa sababu wana kodi za nyumba kama watu wengine. Chama cha Labour kilipoingia, bajeti ya Oktoba 2024 iliusogeza mfuko mwaka mmoja mbele, kwa pauni milioni 900. Mwaka mmoja!

Sisemi Ulaya ilikuwa pepo. Makaratasi yake yalichosha, ulitakiwa kutafuta mchango wa kulinganisha, yaani hela nyingine za kujazia za Ulaya, na mkaguzi aliweza kukudai risiti ya zamani. Mfuko mpya haukudai mchango huo, na hilo lilikuwa jema. Tena Wales Magharibi na Mabonde ilihesabika maskini mwaka 2000, ikahesabika tena 2007, na tena 2014. Anayeuliza hela zote hizo zilifanya nini anauliza swali la haki.

Lakini jibu lililoletwa ni lipi? Pembeni ya mfuko huo kulikuwa na mwingine wa kushindania. Januari 2023 maombi yalizidi 500, yakapita 111. Halmashauri maskini, iliyopunguza watumishi kwa miaka, inashindana kuandika maombi na yenye uwezo. Andy Street, aliyekuwa meya wa West Midlands wakati huo na Mconservative wa chama hicho hicho kilichotawala, aliuita huo utamaduni wa bakuli la kuombea. Kutembeza bakuli, kwa lugha yetu. Na Sheria ya Soko la Ndani ya Uingereza ya 2020 iliwapa mawaziri wa London uwezo wa kugawa hela ndani ya Wales bila kupitia Cardiff, kwa hiyo hata wa kupelekewa bakuli amebadilishwa.

Ningeombwa ushauri ningeandika vifungu viwili vya sheria: kizingiti cha umaskini kinachopimwa kwa takwimu, na miaka saba asiyoweza kuigusa waziri yeyote. Kiasi cha pauni Hazina na Cardiff wangeendelea kubishania, kama kawaida yao.